Kidevu na Filta za Bei ya Kutupa

Hii habari dada yangu huisimulia kivyake, na mumewe huisimulia kivyake kabisa. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika mwavuli. Kwa hiyo akija mtu kukwambia kwamba yule mwanamke kwenye picha alisimamishwa pale kwa makusudi, kwa ufundi, mwambie akamuulize aliyekuwa ameshika mwavuli.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mpiga picha. Mji mzima unamwita Kidevu, na hata barua za idara ya maji huletwa "kwa Kidevu". Jina limetokana na kazi. Kwa miaka ishirini na miwili amepiga picha za pasipoti kwenye chumba kimoja chenye stuli, shuka jeupe ukutani, taa mbili, na kioo chenye kitana kilichofungwa kamba ili kisitembee na wateja. Ukishakaa kwenye ile stuli utasikia maneno yaleyale: "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke. Usitikisike." Ameyasema kwa walimu, kwa wachuuzi, kwa watoto wa wiki mbili, na siku moja kwa askari aliyeingia mle akimfukuza mtu mwingine kabisa. Askari alikaa. Akapigwa picha, akalipa, yule mtu akapotea.

Kila asubuhi kabla hajafungua mlango, Kidevu hupima taa zake, na kupima taa kunahitaji uso. Uso ni wa Dada. Anakaa kwenye stuli dakika moja, anainua kidevu, anaachia masikio, basi, anarudi kwenye shughuli zake. Ameshazoea kiasi kwamba mwili wake unatii bila kumwomba ruhusa. Niliwahi kuwakuta wanagombana juu ya paa linalovuja. Dada alikuwa amefika kwenye neno "mzembe", mdomo wazi, kidole hewani. Kidevu akasema, "Usitikisike." Dada akaganda. Taa zikawaka, kamera ikalia, na Dada akaendelea palepale alipokuwa ameishia: "...mzembe mkubwa wewe, mvua hiyo inakuja!"

Mimi mwenyewe ni fundi wa miwani. Nafanya kazi duka la miwani mtaa wa pili, chumba cha nyuma, nakata lenzi na kuziingiza kwenye fremu. Mwenye duka tunamwita Daktari. Si daktari, ila ana koti jeupe na ana maringo. Kuhusu mimi watakwambia nina mdomo. Sawa, ninao, na hapa ndipo unapopata faida yake, kwa hiyo nyamaza usikilize.

Balaa lilianza siku zile ofisi za pasipoti zilipoanza kuwapiga watu picha zenyewe, palepale mezani, kwa kikamera kidogo kama kitufe. Stuli ya Kidevu ikakauka. Siku nyingine mtu pekee aliyeikalia ni Dada wa kupimia taa. Mbele ya studio kuna chuo, na wanafunzi wa chuo kile walikuwa wanatembea mpaka stendi kutafuta mahali pa kutolea nakala za notisi zao. Dada, ambaye kichwa chake kinafanya kazi, akasema jambo la wazi: kamera na lenzi zake ziuzwe, inunuliwe mashine ya fotokopi. Mnunuzi wa kamera alishampata. Na ukweli lazima usemwe, alikuwa na haki.

Lakini Kidevu alikuwa na ugonjwa wake. Jumapili alikuwa akipotea na kamera, akipanda vilima, akirudi na matope mpaka magotini na picha za milima. Picha zenyewe, Mungu anisamehe! Mlima katikati, umenyooka, anga jeupe nyuma kama lile shuka la ukutani, nafasi sawa kushoto na kulia. Nilimuuliza, "Shemeji, huu mlima unaomba viza?" Alinuna siku mbili. Ila moja aliitundika studio, juu ya kitana.

Ile picha ndiyo iliyomvuta mteja. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa heshima zake, aliyekuja kupiga picha ya viza aende kumwona binti yake ughaibuni. Pensheni yake alikuwa anaimalizia kwenye ujenzi wa nyumba yake ya wageni ya vyumba kumi na viwili, na kuta zilikuwa tupu. Akautazama ule mlima kidevu chake kikiwa juu, kama alivyoamriwa, akasema bila kugeuza shingo, "Baba, unaweza kunipigia maporomoko yetu ya maji?"

"Naweza, mama. Usicheke."

"Sicheki. Ila nataka maji yawe yametulia. Laini, kama pamba ya hospitali. Nimeyaona kwenye kalenda. Mgeni wangu akiamka aone kitu cha kumpoza."

Wakakubaliana. Ijumaa saa kumi jioni atakuja kuona picha moja. Akiipenda, Kidevu atampigia za vyumba vyote. Asipoipenda, atanunua za maua dukani, zile zenye fremu ya dhahabu ya plastiki.

Dada alipoambiwa akaweka masharti yake mezani pamoja na chai. "Ijumaa. Mama akikubali, kamera inabaki na mimi mdomo nafunga. Akikataa, Jumamosi asubuhi inauzwa. Na sitaki kuona mtu mzima ananuna nyumbani kwangu." Kidevu akakubali. Akaongeza sukari kwenye chai aliyokwisha kuitia sukari.

Ilikuwa Jumatatu.

Sasa, maji ya pamba hayapatikani hivihivi. Kidevu alinieleza, na mimi vioo ndiyo maisha yangu, nikamwelewa mara moja. Ukitaka maji yawe laini inabidi kamera ifumbue jicho lake muda mrefu, nusu dakika, dakika nzima, ili maji yapite na kupita mpaka yachanganyike. Ila mchana ukifumbua jicho muda wote huo, mwanga unaingia mwingi na picha inaungua, inatoka nyeupe tupu. Dawa yake ni kuivisha lenzi kioo cheusi, kinaitwa filta, kizuie mwanga. Yaani kamera ivae miwani ya jua, tena ya giza haswa. Tatizo ni bei. Filta moja ya maana, kwa ile lenzi yake pana, ilikuwa inakaribia bei ya lenzi yenyewe.

Kwa hiyo Kidevu akaenda kwa Bei ya Kutupa.

Huyu ni muuza vifaa vya kamera pale sokoni, kwenye ujia wa mafundi saa. Kila kitu kwake ni bei ya kutupa, na ukikifikisha nyumbani ndipo unaelewa kwa nini. Kidevu alirudi Jumanne anang'aa, amebeba pochi ya ngozi yenye vifuko vinane, kila kifuko na filta yake. "Seti kamili, shemeji! Mtu akinunua mojamoja anafilisika."

Nikamwambia lete hapa. Nikawasha taa ya mezani nikazitoa moja baada ya nyingine, kama ninavyokagua lenzi za wateja. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya chungwa, ya kugeuza saa sita mchana kuwa machweo. Ya pili ina mikwaruzo ya kupanga, ukiangalia balbu inatoa miale sita, nzuri kwa harusi. Ya tatu ina ukungu pembeni, hiyo nayo ya maharusi, hasa bibi harusi akiwa na chunusi. Ya nne na ya tano ni rangi tu, waridi na buluu. Ya sita haina rangi, "ya kulinda lenzi", na hiyo niliigonga kwa ukucha nikajua ni kioo cha dirisha, hata kwa wenzake ingeona haya. Ya saba ilikuwa na akili kidogo, juu nyeusi na chini nyeupe, ya kuzuia anga lisiungue huku ardhi ikibaki na mwanga wake, ila weusi wenyewe ulikuwa zambarau.

"Na ile nyeusi?" nikauliza. "Ile uliyokwenda kununua?"

"Ya nane. Hiyo ndiyo ya gharama. Nimeiangalia nikaona giza kabisa, haipitishi kitu!"

Nikaitoa. Nikaigeuza. Nikamtazama, nikamtazama Dada aliyekuwa anakunja nguo, nikamtazama tena yeye.

"Shemeji," nikasema, "hiki ni kifuniko cha lenzi."

Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilicheka nikashika meza. Dada hakucheka. Alimalizia kukunja shati, akaliweka juu ya mengine, akasema maneno mawili tu, "Rahisi ghali," akaondoka na rundo lake.

Jumatano Kidevu akabadilisha mbinu. Akaazima kwa mchomelea vyuma kile kioo cha kukinga macho, akakifunga mbele ya lenzi kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akafungulia bomba la uani na kupiga. Na maji yalilala! Wallahi yalilala, laini, yakateremka kwenye ndoo kama pamba. Kidevu akaruka. Kisha tukatazama sehemu nyingine ya picha. Ndoo ya kijani. Ukuta wa kijani. Nguo za kijani kwenye kamba za kijani. Ile ilikuwa wodi ya vyura, na hakuna muuguzi ambaye angeitundika.

Akaingia studio akakaa kwenye stuli yake mwenyewe, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. Nilimwonea huruma. Nasema wazi kwa sababu si kawaida yangu.

"Shemeji," akasema, "mimi sikatai fotokopi. Dada yako ana haki. Ila nimepiga vichwa miaka ishirini na miwili. Nilitaka angalau mara moja mtu anilipe kwa kitu kisichokuwa na masikio."

Nikaenda nyumbani nikiwa na hasira na Bei ya Kutupa, na mimi mwenyewe kwa kucheka vile.

Alhamisi nikiwa kazini, nimeingia stoo kutafuta boksi la fremu, mguu wangu ukagonga lile sanduku. Hapo nikajipiga kofi la paji la uso hadi mwenzangu akauliza kama ni mbu.

Nikueleze. Zamani, lenzi za miwani zilipokuwa za kioo cha kweli, fundi alikuwa anahitaji kujua kama fremu inaibana lenzi kupita kiasi, maana ikibanwa itapasuka usoni kwa mtu. Kulikuwa na kifaa cha kupimia: sanduku lenye balbu chini na vioo viwili vyeusi, bapa, kimoja juu ya kingine. Unaweka lenzi katikati, na mahali inapobanwa panatokea michirizi myeupe. Siku hizi lenzi ni plastiki, na sanduku lile lilikuwa limelala stoo miaka tisa likilea mende. Lakini vile vioo viwili vina tabia yao. Kimoja peke yake kinaondoa mng'ao, kama miwani ya madereva: ukitazama jani lililolowa, ule weupe unaondoka na unaona ukijani wake. Ukivibandika viwili na kuzungusha kimoja, dunia inafifia polepole, kidogo, kidogo zaidi, mpaka giza. Giza unalitaka kiasi gani? Zungusha mwenyewe. Nimekichezea kile kitu miaka yote ile nikimsubiri mteja, na sikuwahi kufikiria kamera.

Kazi ilikuwa kukitoa kwa Daktari. Daktari ana ugonjwa huu: kitu kikikaa bure hakioni, ukikiomba tu kinakuwa cha thamani. Niliwahi kumwomba boksi tupu la kadibodi akalichunguza siku nzima kujua nimeona nini ndani yake. Kwa hiyo sikuomba. Nikaenda mbele na uso wa mtu mwenye uchungu na kazi.

"Daktari, lile sanduku la kupimia lenzi lina hali mbaya. Ni kifaa cha maana sana. Nimeongea na fundi, amesema likitengenezwa litakuwa jipya. Anataka tulipie nusu kabla."

"Tulipie?"

"Nusu tu, Daktari. Nusu nyingine akimaliza."

"Litupe."

"Lakini Daktari, kifaa cha maana vile..."

"Nimesema litupe! Leo hii. Na ulibebe mwenyewe, sitaki kulipa mtu wa kubeba."

Nilinuna mpaka mlangoni. Nilipokata kona ndipo nikacheka.

Saa ya chakula nilivitoa vile vioo nikavichonga mviringo kwenye mashine yangu ya kusagia, taratibu, maji yakitiririka, maana kioo cha zamani ukikiharakisha kinajibu. Kimoja kilimeguka ukingoni, kipande kidogo kama kucha. Jioni, studio kwa Kidevu, fundi bomba mmoja akatugawia mabaki mawili ya bomba la plastiki, moja linaingia ndani ya jingine. Kioo cha kwanza tukakigundisha kwenye la nje, cha pili kwenye la ndani, la ndani likazunguka vizuri. Kidevu akataka tutengeneze jingine dogo kwa ajili ya lenzi yake ndogo. Nikamwambia acha ujinga, filta hutengenezwa kwa lenzi kubwa, ile ndogo utaizungushia mpira mpaka itoshe, itavaa viatu vya kaka yake kama sisi sote tulivyovaa.

Akalivisha kwenye kamera, akaweka jicho, akazungusha. Chumba kikafifia. "Mungu wangu," akasema. Akaendelea kuzungusha. "Mungu wangu! Mbona imekuwa zambarau?"

"Ndiyo maana usifike mwisho. Mwishoni kabisa rangi inaharibika." Nikachukua kalamu yangu nyeupe ya kuwekea alama kwenye lenzi, nikachora mstari kwenye bomba. "Ukifika hapa, simama. Unanisikia? Hapa."

"Hapa," akasema, kwa utiifu wa mtu aliyewahi kununua kifuniko.

Ijumaa asubuhi tukaenda maporomokoni, sisi watatu. Mimi nilimdanganya Daktari kwamba jino linaniuma. Dada alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, "kulinda mali", maana mnunuzi alikuwa na hamu na kamera isingefaa irudi imelowa. Kukawa na mawingu, jambo jema. Kidevu akasimamisha stendi ya miguu mitatu kwenye mchanga, mimi nikapewa mwavuli kukinga manyunyu yasiguse vioo. Akapanga picha kwanza bila filta, kwa sababu ukishaivisha kamera ile miwani huoni kitu, ni kama umefumba macho. Katikati akaweka jiwe moja pana, jeusi, maji yakipita pande zote mbili. Katikati kabisa, nafasi sawa kushoto na kulia.

Dada aliona tunachelewa. Akavua viatu, akashuka upande wa chini wa mto kuosha miguu.

Picha ya kwanza Kidevu alizungusha kwa furaha akapita mstari wangu. Zambarau. Ya pili, manyunyu yaliniingia puani, nikapiga chafya, mwavuli ukagonga stendi. Picha mbili, na betri ya zamani ile, iliyozoea kupiga vichwa kwa sekunde, haikuzoea kukesha dakika nzima. Taa nyekundu ikaanza kupepesa.

"Imebaki moja," akasema Kidevu. "Shemeji, imebaki moja tu. Ikikosekana hii, kwisha."

Akazungusha mpaka kwenye mstari. Akabonyeza. Akainama juu ya saa yake ya mkononi akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kamera haioni, na sasa yeye naye haoni. Upepo ukaja ukanivuta mwavuli, nikayumba kidogo.

"Usitikisike!" akanifokea bila kuinua kichwa.

Wakati huohuo Dada alikuwa ametokea kwa upande wa pili, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, viatu na simu kwenye mkono wa pili. Alikuwa amepanda juu ya lile jiwe pana, mdomo wazi, ameshafika kwenye neno "Mnunuzi...". Akasikia ile sauti.

Akaganda.

Kidevu chake kikapanda juu. Masikio yakaonekana. Hakucheka. Maji yanampita kushoto, maji yanampita kulia, povu linamrukia vifundo vya miguu, na dada yangu amesimama juu ya jiwe, viatu mkononi, anangoja kuruhusiwa.

Ningeweza kupiga kelele. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikupiga. Kwanza, nilikuwa nimeambiwa nisitikisike. Pili, hilo la kwanza ni uongo. Nilitaka kuona atadumu mpaka lini.

Alidumu. "Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini!" Kamera ikalia, taa nyekundu ikazimika, betri ikakata roho. Kidevu akainua kichwa na tabasamu, akamwona mkewe.

"Wewe! Umefika lini hapo?"

"Si umeniambia nisitikisike!"

"Nilikuwa namwambia shemeji!"

"Mimi nitajuaje? Siku zote si unaniambia mimi!"

Walibishana kutoka mtoni mpaka barabarani, na kutoka barabarani mpaka nyumbani. Aliyekuwa na hasira zaidi simjui. Ninachojua, karibu na mlango wa studio Kidevu aliacha ubishi ghafla, akakimbilia ndani. Akaweka betri kwenye chaji. Akachomeka kadi kwenye kompyuta. Tukasogea.

Maji yalikuwa pamba. Siongezi chumvi: pamba tupu, nyeupe, yakishuka pande zote mbili bila alama hata moja, na majani ya pembeni yalikuwa kijani cha kweli, hayang'ai, hayana zambarau. Vile vioo vya mende vilifanya kazi yao. Na katikati kabisa, juu ya jiwe, Dada. Kila kitu kwenye picha kilikuwa kimeyeyuka isipokuwa yeye. Pindo la gauni tu ndilo lililokuwa limefifia kidogo, pale povu lilipompiga.

"Nitoe," akasema Dada.

Kidevu akajaribu kumtoa kwa kompyuta. Miguu ikatoka pamoja na nusu ya jiwe. Akamrudisha. Akajaribu mikono, maji yakaingia madoa. Akamrudisha. Saa kumi kasorobo, kwa sababu wauguzi hawajui kuchelewa, yule mama akasimama mlangoni na mkoba wake. Kidevu akachapa picha kama ilivyokuwa, akampa kwa mikono miwili, na Dada akageuka kuutazama ukuta.

Mama akaisogeza kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu mno.

"Huyu ni nani?"

"Samahani sana, mama. Ni mke wangu, ameingia kwa bahati mbaya. Nipe siku mbili nimtoe..."

"Umtoe umpeleke wapi?" Mama hakuinua macho. "Miaka thelathini na mitano nimesimamia wodi. Ningekuwa na wauguzi wanne tu wa kusimama hivi, kila kitu kinakimbia na yeye yupo pale, ningestaafu na meno yangu yote." Akamgeukia Dada. "Mama, ulikuwa unangoja nini?"

Dada akafikiri. "Nilikuwa nangoja aseme basi."

"Namtaka huyu. Vyumba vyote kumi na viwili. Mlimani, ziwani, popote mtakapokwenda, awepo."

"Mimi?" Dada akaruka. "Mlimani? Na viatu mkononi?"

"Viatu visikose," akasema mama, akaweka malipo ya awali juu ya meza, akaenda zake.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno matatu ya kumtania Dada, mazuri, ya kutosha mwaka mzima. Simu yake ikalia kabla sijafungua mdomo. Alikuwa mnunuzi. Dada akasikiliza, akasema, "Haiuzwi. Nimesema haiuzwi, baba, kama una fotokopi kuukuu niambie," akakata. Kisha akaichukua ile picha. Akaishika kwa mbali, akaisogeza karibu. Kidole chake kikashuka kutoka kwenye uso, kikapita shingo, kikapita mabega, mahali ambapo picha zake zote huishia, kikaendelea kushuka taratibu mpaka kwenye jiwe.

"Kumbe nina miguu," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilimchoma Kidevu. Nilimwona akitazama ule ukuta wake, shuka jeupe, taa mbili, miaka ishirini na miwili ya asubuhi, na nadhani alikuwa anatafuta picha moja tu ambayo ingemtetea. Haikuwepo. Macho yake yakajaa maji.

Akaisukuma stuli pembeni kwa mguu. Akalitoa shuka ukutani.

"Simama pale," akamwambia mkewe. "Wima, mtu mzima mzima. Na leo, ukitaka, cheka."

Dada akasimama. Akaweka viatu chini. Akawa hajui mikono aiweke wapi. Kidevu akanyanyua kamera, akabonyeza, haikulia. Betri ilikuwa bado kwenye chaji. Basi tukavuta viti, tukakaa wote watatu tukiitazama ile taa nyekundu ya chaji mpaka ikawa ya kijani.